Anafezi tatu za uongo

Niliwahi kughushi seli tatu. Zimo kwenye daftari langu la maabara hadi leo: mistari mitatu mifupi ya penseli chini ya neno "anafezi", jina la hatua mojawapo ya kugawanyika kwa seli, na hakuna hata mmoja uliotokana na kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Kazi yenyewe haikuwa na utata. Kila mmoja wetu alipewa slaidi ya ncha ya mzizi wa kitunguu, ahesabu seli 100, na kwa kila seli aandike imo katika hatua gani: intafezi, yaani bado haijaanza kugawanyika, au profezi, metafezi, anafezi au telofezi. Nilikaa kwenye hadubini mpaka shingo ikakaza. Intafezi zilikuwa tele, viini vya mviringo vimetulia kana kwamba havina habari na dunia. Profezi nilipata kadhaa. Metafezi moja. Telofezi mbili, ya pili ikiwa na ubishi. Anafezi, patupu. Nikasogeza slaidi kushoto, nikaisogeza kulia, nikaweka lenzi kubwa, nikaitoa. Patupu. Aliyekaa kando yangu alikuwa tayari amepata mbili na anafunga daftari lake. Kitabu kilichokuwa wazi mbele yangu kilikuwa na picha nne zilizopangwa safu moja, na ya tatu ilikuwa anafezi, safi kabisa, kromosomu, vile vipande vya DNA vinavyobeba urithi, zimejipinda zikivutwa makundi mawili, kila kundi upande wake. Nikajiambia: kama kitabu kinayo, slaidi lazima inayo, tatizo ni mimi. Nikachora mistari mitatu, nikafuta intafezi tatu ili jumla ibaki 100, nikakabidhi daftari. Mwalimu alilipitia, akaweka alama ya vema.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba ile sifuri yangu ilikuwa jibu halali, na huenda ndiyo ilikuwa namba ya maana kuliko zote nilizopata siku ile.

Sehemu ya lawama nazitupia zile picha nne. Sizichukii, bila hizo nisingejua natafuta umbo gani. Lakini visanduku vinne vya ukubwa mmoja humwingizia msomaji jambo ambalo hakuna mwandishi aliyelitamka, kwamba hatua nne hugawana muda sawa kwa sawa. Intafezi nayo, ambayo ndiyo karibu maisha yote ya seli, huwekwa pembeni kama utangulizi tu. Mtoto akifunga kitabu hicho anakwenda kwenye hadubini akitarajia kukuta robo, robo, robo na robo.

Fikiria nyumba yenye watu wengi. Kila anayeingia na kila anayetoka hupita mlangoni, hakuna asiyepita. Lakini ukipiga picha ya ghafla ya nyumba nzima kutoka juu, wengi utawakuta sebuleni na vyumbani, na mlangoni huenda asiwepo mtu. Si kwamba mlango hautumiki, ila watu hawakai pale. Slaidi ya mzizi ni picha ya namna hiyo. Ile ncha ilipotumbukizwa kwenye mchanganyiko wa alkoholi na asidi asetiki, kila seli iliganda pale pale ilipokuwa imefika: hii ndiyo kwanza inaanza kukunja kromosomu zake, ile imeshazipanga katikati, nyingine hata haijafikiria kugawanyika. Hatua inayochukua muda mrefu hunasa seli nyingi, ya muda mfupi hunasa chache. Kwa hiyo anayehesabu seli zilizokufa, akizihesabu vizuri, anapima muda wa seli zilizo hai.

Hilo la kusoma mwendo kutoka kwa vitu vilivyoganda lina historia ndefu. Walther Flemming, mwanaanatomia aliyekuwa akifanya kazi Kiel, Ujerumani, alitumia viluwiluwi vya salamanda kwa sababu seli zao ni kubwa na kromosomu zao ni nene. Alizitia rangi, akakuta ndani ya kiini kitu kinachonywa rangi hiyo kwa pupa, akakiita kromatini. Mbele yake kulikuwa na mamia ya seli zilizokufa katika mikao tofauti, na kazi ilikuwa kujua upi unatangulia upi. Alizipanga, kisha akarudi kwenye seli hai na kukaa akizitazama zikipita hatua hizo moja baada ya nyingine, ili ajue kama mpangilio wake unasimama. Kitabu chake cha 1882 ndicho kilicholeta neno mitosisi, jina la kugawanyika huku kwa kiini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Neno kromosomu lenyewe lilikuwa bado. Lilitoka kwa mwanaanatomia Waldeyer mwaka 1888. Profezi, metafezi na anafezi ni majina ya mtaalamu wa mimea Strasburger, 1884, na telofezi iliongezwa na mwanaanatomia Heidenhain miaka kumi baadaye. Nalitaja hili kwa sababu majina yana tabia ya kutufanya tuamini kuna kuta kati ya hatua na hatua. Kuta hizo ziliwekwa na watu waliokuwa wakitafuta namna ya kuzungumza juu ya mtiririko mmoja.

Sasa, kwa nini wengine wakae sebuleni na wengine wapite mlangoni mbio?

Profezi hukawia kwa sababu kazi yake ni nzito. DNA iliyo ndani ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufikia kama mita 2, na yote imo katika kiini ambacho upana wake ni maikromita chache tu, yaani elfu chache za milimita. Kabla ya kuigawa lazima ikunjwe na kukazwa mpaka iwe vipande 46 vinavyoweza kuburutwa bila kukwama wala kukatika. Kukunja huko hakuanzi kwa kengele. Kunaanza polepole, na ndiyo maana profezi ina mwanzo wenye ukungu, jambo nitakalolirudia kwa sababu limenitesa.

Metafezi ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa ukiitazama unadhani imekamilika na inapumzika, kumbe inasubiri. Kila kromosomu ina pande mbili, kromatidi dada, na kila upande unatakiwa ushikwe na nyuzi zinazotoka kwenye ncha yake ya seli. Pale nyuzi zinaposhika panaitwa kinetokori. Kinetokori moja tu ikibaki bila kushikwa, inatoa ishara inayozuia seli nzima isiendelee. Zilizo tayari hazina budi kumngoja aliyechelewa. Mwaka 1995 mtafiti wa seli Conly Rieder na wenzake walichukua seli zilizokuwa zikingoja kromosomu moja ya mwisho, wakaiunguza kwa leza ile kinetokori ambayo haikuwa imeshikwa. Seli haikungoja tena. Iliingia anafezi huku kromosomu hiyo ikiwa bado haijashikwa sawasawa. Aliyekuwa akisema "bado" alikuwa amenyamazishwa. Tangu nisome jaribio hilo sioni tena metafezi kama mstari wa kromosomu uliotulia. Naona msafara uliosimama kwa sababu mmoja hajafika, na urefu wa kusimama huko hutegemea huyo mmoja.

Kisha ishara inakoma. Kimeng'enya kinaitwa separesi kinakata pete za protini zilizokuwa zimefunga kromatidi dada pamoja, na dada wanaachana wote karibu kwa wakati mmoja. Kromosomu husafiri kwa kasi ya kama maikromita 1 kwa dakika. Kwa macho yetu hiyo si kasi, lakini safari yenyewe ni ya maikromita chache tu, kwa hiyo katika dakika chache kila kitu kimefika. Hiyo ndiyo anafezi: mlango. Maandalizi yamekwisha, hakuna wa kumngoja, na hakuna kurudi nyuma, kwa maana pete zilizokatwa hazirudishwi.

Telofezi hufungua kilichofungwa na kujenga upya utando wa kiini, na katika mimea huanza kujenga ukuta katikati. Huchukua muda wa kiasi. Sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba ni seli moja yenye viini viwili mpaka ukuta ukamilike, na ukikamilika ni intafezi mbili. Anayezihesabu mara mbili kabla ya hapo anajidanganya bila kujua. Mimi nilijidanganya nikijua.

Tuingie kwenye hesabu. Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kugawa. Tuseme umehesabu seli 1000: intafezi 900, profezi 56, metafezi 14, anafezi 8, telofezi 22. Tuseme pia unajua kwamba mzunguko mzima wa seli hizo, tangu kuzaliwa hadi kugawanyika, ni saa 24, yaani dakika 1440. Basi kila seli moja kwenye orodha yako inasimama badala ya dakika 1.44. Profezi inapata kama dakika 81, metafezi 20, anafezi zaidi kidogo ya 11, telofezi kama 32. Chora mzunguko huo kama utepe wa mita 1. Intafezi itameza sentimita 90. Anafezi ni milimita 8. Huo ndio mchoro ambao ningependa kuuona kitabuni, hata kama ungekuwa mbaya kwa sura.

Na hapa ndipo sifuri yangu iliponirudia. Kama anafezi ni 8 katika 1000, mtu anayehesabu seli 100 anatarajia 0.8. Lakini hakuna sehemu ya nane ya kumi ya seli. Utapata sifuri, au moja, au mbili. Uwezekano wa kutopata hata moja ni 0.992 ikizidishwa yenyewe mara 100, na jibu ni karibu asilimia 45. Karibu nusu ya darasa, kwa slaidi nzuri na macho mazuri, wangetakiwa kuandika sifuri! Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kukutana na angalau anafezi moja, kwa kiwango hicho unahitaji kuhesabu seli zipatazo 373. Sisi tulipewa 100 na picha nne. Sishangai tena kwa nini, nikikumbuka madaftari ya siku ile, hakuna aliyekuwa na sifuri.

Hata ukipata hizo 8, usizishikilie sana. Hesabu ya vitu adimu huyumba kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili: 8 huyumba kwa karibu 3 kila upande. Kwa hiyo ukisema anafezi ni dakika 11.52 umeandika desimali mbili ambazo huna haki nazo. Sema kati ya 7 na 16, utalala usingizi mzuri zaidi. Profezi 56 huyumba kwa 7 au 8, ambayo kwa uwiano ni kidogo mno. Ndicho kichekesho cha kazi hii: hatua unayoipima kwa uhakika wa namba ndiyo yenye mpaka usioeleweka, na yenye mpaka unaoeleweka vizuri kuliko zote, anafezi, ndiyo unayoipata kwa kubahatisha.

Ule mpaka wa profezi nimewahi kubishana nao peke yangu saa nzima. Kiini kina chembechembe kidogo kuliko jirani yake. Je, kimeanza au hakijaanza? Ukiwa mkarimu, profezi zako zinaongezeka maradufu. Ukiwa mgumu, zinapungua. Metafezi nayo ina ujanja wake. Ikikulalia ubavu, kromosomu ni mstari mnene katikati ya seli na hakuna wa kukosea. Ikikuelekezea ncha, unautazama mstari ule kutoka juu, nao si mstari tena, ni sahani: kromosomu zimetawanyika duara, na mhesabuji mpya anaiandika profezi bila kusita. Naamini baadhi ya profezi zangu za siku ile zilikuwa metafezi zilizonigeuzia uso.

Kuna sharti jingine lisiloandikwa kwenye karatasi ya zoezi: ile picha ya nyumba haina maana kama watu wote wanatembea kwa hatua moja. Kiinitete cha nzi wa matunda, Drosophila, hupitia migawanyiko 13 ya mwanzo karibu viini vyote kwa pamoja, na ile ya mwanzo kabisa kila mmoja huchukua kama dakika 8 au 9. Ukikigandisha kimoja wakati huo unaweza kukuta viini vyote viko metafezi. Ukitumia hesabu ya uwiano, utatangaza kwamba metafezi ndiyo maisha yote ya seli. Ukuvu-telezi uitwao Physarum hufanya hivyo hivyo kwa viini mamilioni ndani ya mwili mmoja usio na kuta. Ncha ya mzizi inatufaa kwa sababu seli zake hazina mpango wa pamoja. Kila moja iko na saa yake, na mkanganyiko huo ndio unaofanya picha moja itoshe.

Halafu kuna kasoro iliyonishangaza zaidi nilipoielewa. Hesabu ya uwiano hudhani seli za kila umri ziko kwa idadi sawa. Lakini kila seli inayofika mwisho huzaa mbili. Katika kundi linalokua, ambamo kila seli huendelea kugawanyika, seli zilizozaliwa sasa hivi ni mara mbili ya zile zinazokaribia kugawanyika. Mitosisi iko mwisho wa mzunguko, upande wa wazee walio wachache, kwa hiyo hesabu ya uwiano huifupisha. Kwa mfano wetu wa 100 kati ya 1000, uwiano unasema mitosisi ni dakika 144. Marekebisho, ambayo ni logi ya 1.1 gawanya kwa logi ya 2, yanasema dakika 198. Tofauti ya karibu saa nzima, na seli ni zile zile! Kwa mzizi marekebisho hayo nayo yanahitaji tahadhari, kwa kuwa seli zikisogea mbali kidogo na ncha huacha kugawanyika na kuanza kurefuka. Ukizijumuisha hizo, intafezi zinavimba kwa watu ambao hawamo tena safarini.

Na intafezi yenyewe, ile sebule, haikuwa mahali pa kupumzika. Mwaka 1953 watafiti Alma Howard na Stephen Pelc waliinywesha mizizi ya Vicia faba, mmea wa jamii ya kunde, fosforasi yenye mnururisho, kisha wakaangalia ni viini vipi vimeichukua kwenye DNA. Waliona kwamba DNA hunakiliwa katika kipindi maalumu ndani ya intafezi, chenye pengo kabla na pengo baada. Nao walifika huko kwa kuhesabu viini vilivyoganda.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu nimeona watu wakikikosea hata wakiwa na elimu kubwa kuliko yangu. Wingi wa hatua fulani kwenye slaidi hauna maana moja. Kolkisini, sumu inayotoka kwenye mmea wa Colchicum, huvunja nyuzi zinazoshika kromosomu. Seli zinaingia mitosisi kama kawaida, zinafika mahali pa kungoja, na zinangoja kisichokuja. Baada ya saa kadhaa slaidi imejaa metafezi. Mtu asiyejua angesema seli hizi zinagawanyika kwa kasi ya ajabu, kumbe hakuna hata moja inayomaliza. Watafiti Joe Hin Tjio na Albert Levan walitumia mrundikano huo huo kwa faida: waliikusanya metafezi, wakaitanua seli kwa maji yenye chumvi kidogo, na mwaka 1956 wakachapisha kwamba binadamu ana kromosomu 46. Kwa zaidi ya miaka 30 kabla yao namba iliyokubalika ilikuwa 48.

Wanaosoma vipande vya uvimbe hospitalini huhesabu mitosisi pia, kwa kila eneo la kuonea la lenzi kubwa, na namba hiyo huingia katika kupima ukali wa saratani, kwa mfano ya matiti. Hawatenganishi hatua moja moja. Wanatafuta tu nani yuko mlangoni.

Juzi nilirudia zoezi lile, kwa slaidi niliyoitengeneza mwenyewe, na safari hii sikuweka ukomo wa 100. Niliamua mapema kwamba kiini chenye chembechembe tu bila nyuzi dhahiri ni intafezi, nikaandika uamuzi huo juu ya ukurasa ili nisije nikaubadilisha katikati. Nilianza kona ya kushoto juu, nikashuka safu kwa safu. Mia ya kwanza, anafezi sifuri. Niliandika sifuri, nikaona raha isiyo na kifani. Mia ya pili, mbili, zote katika eneo moja, zimekaribiana kana kwamba zilikuwa zimeagana. Mia ya tatu, sifuri tena. Katika ya nne nilikutana na seli ambayo kromosomu zake zilikuwa katikati bado, lakini katikati ya ule mstari kulikuwa na mwanga mwembamba, mwembamba sana, kama ufa wa mlango unaoanza kufunguliwa. Nilizungusha kirekebisho mbele na nyuma. Ufa ulionekana, ukapotea, ukaonekana.

Sikuiweka kwa metafezi wala kwa anafezi. Ipo pembeni ya ukurasa, mstari mmoja wa penseli, na alama ya kuuliza.